Swala Ndani ya Pindo

Kila asubuhi, kabla ya chai, Balozi aliziamsha sarafu zake. Alizitoa kwenye soksi, akazipanga kitandani na kuzifuta moja moja kwa kitambaa cha miwani: ya Kanada yenye jani, ya Australia yenye kangaruu, panda wa China, tai wa Marekani, mama mwenye ngao wa Uingereza, na swala wa Afrika Kusini. Tano zilikuwa shaba iliyopakwa rangi. Swala peke yake ndiye aliyekuwa dhahabu. Shangazi yake alimwachia ili aanzie maisha, naye Balozi, kwa kumheshimu marehemu, alimtumia swala huyo kuwaanzishia wengine hasara.

Siku hiyo alikuwa amefika kwenye tai aliposikia sauti chini ya dirisha. Ni fundi mapazia wa duka la chini, anaongea na simu.

"Nimechoka, shoga yangu! Akiba ninayo, lakini nikiiangalia naona tarakimu tu. Nataka kitu cha kushika!"

Kitambaa kikamponyoka Balozi mkononi. Chai ilipopoa mezani, yeye alikuwa tayari dukani, suti imenyooka.

"Dhahabu, dada fundi, haikatiki mtandao. Shika huyu. Mpeleke kwa sonara yeyote umtakaye."

"Na hao wengine?"

"Ukoo mmoja. Baba mmoja, mama mbalimbali."

Fundi akacheka, akavuka barabara na swala wake, akarudi macho yamemtoka. "Sonara kasema ni dhahabu kweli! Kataka kumnunua papo hapo."

"Unaona? Wote sita, bei ya undugu."

Kabla bei haijatajwa, mlango ukajaa afande, sare na pingu. Balozi akapiga hesabu upesi. Shaba ingepita kama mapambo, lakini swala angeitwa kielelezo, na vielelezo vikishaingia kituoni huwa vinasahau njia ya kutoka. Mezani kulikuwa na pazia, pindo lake bado wazi, pale fundi anapotia vyuma vidogo ili kitambaa kivutike chini. Balozi akamsukumia swala humo.

"Nimefuata mapazia yangu," afande akasema.

Ni hilo tu. Lakini Balozi hakuwa na macho ya kitu kingine zaidi ya zile pingu. Nyuma yake akasikia cherehani ikinguruma, na urithi wa shangazi ukifungwa.

"Tabu ni moja, afande," fundi akasema. "Msaidizi wangu kaacha kazi, na mimi ngazi inanitia kizunguzungu."

"Mimi!" Balozi akapaza sauti hadi afande akageuka. "Mimi napenda sana... madirisha."

Basi akapanda ngazi sebuleni kwa askari, wembe umefichwa kiganjani, akifumua pindo baada ya pindo. Afande mwenyewe alimshikia ngazi.

"Mbona unayabonyeza kama tumbo la mgonjwa?"

"Naangalia mlalo, afande."

"Kijana makini sana wewe."

Chuma. Chuma. Chuma tena. Balozi akajiambia swala atakuwa amechanganyika na mapazia mengine, akamfuata zahanati, akamfuata kwa daktari wa meno, akamfuata hadi ukumbi wa harusi. Suti ikachakaa, akanunua ovaroli. Wateja wakamsifu. Siku moja, juu ya ngazi, alimsimulia fundi habari za shangazi, na kwa mara ya kwanza hakutia chumvi. Na kila asubuhi, akiingia dukani, pazia la mlangoni lilimgonga kwenye muundi, ko! Alilaani, akaenda kuchukua ngazi.

Hatimaye uvumilivu ukamwishia.

"Dada fundi, sarafu yangu iko wapi?"

"Ipi? Si unazo sita?"

Balozi akaitua ngazi. "Ninazo tano, za shaba. Nilikuja kukutapeli."

Hakuwahi kutoa maelezo mafupi hivyo maishani mwake.

"Haya, umefika kwenye ukweli," fundi akasema, bila kuacha kukata kitambaa. "Nilikuona ukimsukumia swala pindoni. Ulipokuwa unamkodolea afande macho, nikamtoa swala."

"Yuko wapi?"

"Anakugonga mguu kila asubuhi."

Balozi akalitazama pazia la mlangoni. Ngazi zote alizopanda zikampita kichwani.

"Umenifanyisha kazi bure!"

"Bure? Chai yangu alikunywa nani?" Akamnyooshea mkasi. "Fumua. Ni wa shangazi yako, sikukusudia kumla."

Balozi akachuchumaa, ncha ya mkasi juu ya uzi.

"Lakini pindo hilo limekaa vizuri," fundi akasema.

"Unasemaje?"

"Nasema pazia bila uzito linapeperuka."

"Dada fundi, mimi langu nimeshasema. Sema lako."

Fundi akakaa, akageukia cherehani, na cherehani ndiyo aliyoiambia:

"Nasema usiondoke."