Nyimbo Tano za Treni Halisi

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu tangu nimalize shule. Nyumbani wananitazama kama kiti kilichozidi sebuleni. Lakini leo, habari njema! Shangazi, anayekata tiketi stesheni, amesema stesheni masta anatafuta mtu wa kupiga nyimbo kwenye spika kati ya tangazo na tangazo. Chumba hakina dirisha. Matangazo anasoma mtu mwingine. Hutakiwi kuongea na yeyote kutwa nzima. Kazi hii imeumbwa kwa ajili yangu! Mama aliniuliza kama nitaiweza. Nilitaka kumjibu kwa fahari. Nikaitikia kwa kichwa.

Sharti: orodha ya nyimbo tano za treni unazozipenda. Jumamosi, wimbo wa kwanza wa kila mwombaji utapigiwa abiria wenyewe, kisha stesheni masta achague. Waombaji ni wawili tu. Mimi na binti wa Shangazi. Humu namwita Honi. Unamsikia dakika mbili kabla ya kumwona.

Jumanne, 4 Machi

Watu hawajui wimbo wa treni ni nini. Inasikitisha. Kaka alinipendekezea mmoja ambao treni inapita mara moja tu, ubeti wa tatu, mbali kabisa, na mwimbaji hata hageuki kuitazama. Huo ni wimbo wa mtu aliyekaa barazani! Baba naye akaja na wake, una mdundo mzuri wa chaka-chaka-chaka. Nikausikiliza hadi mwisho. Ni cherehani.

Nimepata zangu tano. Zote zina reli. Mbili zina hata mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli. Wa kwanza ni "Shuka Nikuone". Mwanamume anamsubiri mpenzi wake stesheni, treni inasimama, mpenzi hashuki. Ngoma inagonga kama magurudumu, tarumbeta inalia mara mbili kama honi ya kweli. (Si kama huyu wetu.) Nimelia mara tatu. Honi hawezi kuutambua wimbo kama huu hata ukimkanyaga.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetumwa kwa Shangazi kurudisha sufuria. Orodha ya Honi ilikuwa mezani, chini ya sahani. Sahani ilinyanyuka.

Namba moja: "Pandeni Mapema".

Ninaujua! Ni wimbo wa mahindi! Mvua imenyesha, amkeni, pandeni mapema. Kuna jembe. Kuna mbegu. Ubeti wa nne wote ni mbolea. Gurudumu hata la baiskeli hamna! Maskini kasikia "pandeni" akadhani watu wanaingia kwenye behewa. Nilicheka njia nzima. Nilipofika jikoni Mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Nimemwandikia stesheni masta barua, bila jina, kwa ajili ya ukweli tu. Nimeeleza tofauti ya kupanda treni na kupanda mahindi, kwa mifano. Nimesaini "Mpenda Reli". Nimempa Shangazi bahasha mbili apeleke: moja ya barua, moja ya orodha yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Bahasha ya pili ilikuwa tupu. Karatasi zilikuwa zimeniishia, kumbe barua niliiandika nyuma ya orodha yangu. Yenye jina langu. Na mstari chini ya jina.

Stesheni masta aliniita ofisini. Alikuwa amecheka mpaka miwani ameivua. Akaniuliza ni abiria wangapi nimewahi kuwaona wakiusubiri ubeti wa nne. Nilikuwa na jibu zuri lenye hoja tatu. Lilinijia nyumbani, nikiosha vyombo.

Honi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akanisalimia "Bwana Shamba, habari za mbolea?" Akasema anajua ni wimbo wa mahindi, nani asiyejua, bibi yetu anauimba kila msimu. Kisha akaniuliza: "Lakini wewe dada, umesimama na begi lako, treni iko mbele yako, unasikia 'pandeni mapema'. Utakimbilia jembe?"

Kuna hoja ambazo ni za chini mno kujibiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe.

Treni ya saa nne ilikuwa ya Honi. Akapiga mahindi yake. Watu waliokuwa wakijivuta wakabeba mizigo, wakapanda. Gadi, yule mwenye filimbi na kibendera, akasema tangu apewe kibendera hicho hajaona treni ikiondoka kwa wakati, isipokuwa hii. Bahati tu. Walikuwa wanataka kupanda hata hivyo.

Treni ya saa sita ilikuwa yangu. Nilingoja abiria wote wakae, maana wimbo mzuri unahitaji utulivu. Nikafungua sauti mpaka mwisho.

"Shuka, shuka, shuka haraka! Treni hii si ya kwako!"

Niliwachungulia mlangoni. Vichwa vikatoka madirishani. Hatimaye, nikajiambia, wasikilizaji! Kiitikio cha pili, akashuka mama mmoja na godoro. Kisha behewa zima. Kisha mabehewa yote. Mwanamume mmoja alirusha mabegi yake dirishani, akayafuata mwenyewe. Dereva akashuka kuuliza kinachoungua ni nini. Gadi alipuliza filimbi. Ikaingiana vizuri sana na tarumbeta.

Stesheni masta alikuja mbio, akanipigia kelele nizime. Na hapo, mimi, mbele ya mtu mzima, sauti ikanitoka. Nikamwambia umebaki ubeti mmoja tu, na ndio mzuri kuliko yote.

Akachomoa waya ukutani.

Treni imechelewa dakika arobaini. Mwisho wa wimbo hakuna aliyeusikia. Mpenzi hatimaye anashuka! Laiti wangengoja!

Jumapili, 9 Machi

Kazi amepata Honi. Bila shaka. Abiria wa siku hizi wanasikia neno moja tu katika wimbo mzima, kisha wanalitii.

Shangazi amenibembelezea, na stesheni masta amenipa nafasi stoo ya mizigo, mbali na spika. Watu wanaacha masanduku na mabegi yao, mimi nayatunza, wanakuja kuyachukua kwa namba. Nimeshukuru kwa kichwa.

Ila nimechungulia humo. Juu ya rafu kuna redio ya zamani. Inafanya kazi! Na foleni ni ndefu, watu wamenuna, hakuna anayewaburudisha. Nimeshaanza orodha mpya. Nyimbo za mizigo, mizigo halisi tu. Wa kwanza nimeupata leo. Mwanamke anaachwa, anasimama mlangoni kati ya masanduku, na kiitikio ni kitamu ajabu. Kesho saa moja asubuhi, foleni ikijaa, nitaufungua mpaka mwisho:

"Chukua vyote, mpenzi, chukua vyote, wala sitauliza ni vya nani."