Mnara Wangu Hauanguki

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Padri ameuliza: mnara mpya wa kengele, ambao bado ni nguzo tupu, mrefu kuliko miti yote ya kilima hiki, utahimili upepo wa mvua? Atakayejibu vizuri atakuwa kapita, msimamizi wa kazi. Kabera, seremala, akasema juu paachwe wazi, upepo upite. Upite! Mimi msuka nyua najua: ua wa matete ukisukwa vizuri, ndama hulala bila baridi. Nikasema tuusuke mnara mzima kwa matete, pande zote, hadi juu. Kabera akacheka. Atanitambua!

Jumatano, 8 Septemba

Nimetengeneza mnara mdogo, kimo cha mtoto, nikausimika katika udongo mzito. Mhunzi Sebarenzi akaupulizia kwa mivukuto yake mpaka jasho likamtoka. Haukutikisika! Padri amekubali. Kabera akauliza kwa nini nimeuzika hadi magotini, wakati ule mkubwa umesimama juu ya mawe tu. Wivu huo. Tumeanza kusuka.

Ijumaa, 10 Septemba

Umekwisha. Mzuri ajabu! Ila unalia. Upepo kidogo tu, nguzo zinalalamika. Na nyumba yetu iko chini yake. Mke wangu Adelaïde anataka tuhamie kwa mama yake, kijiji cha Kashuga. Nimekataa. Nikihama, Kabera atasema nini? Usiku silali. Nimesingizia maharage ya mchana.

Jumamosi, 11 Septemba

Mungu wangu! Upepo umeshuka mlimani na mvua. Mnara ukainamia nyumba yetu, ukarudi, ukainama zaidi. Adelaïde alikuwa ndani akimnyonyesha Céline. Kabera akapanda na panga, mnara unayumba hivyo hivyo, akakata matete ya juu upande huu, kisha ule. Upepo ukapita. Mnara ukatulia. Adelaïde akatoka, mtoto mgongoni: “Papa Céline, mnara yako iko na nguvu? Basi ulale weye chini yake. Miye na mutoto tunaenda.” Sijawahi kuogopa hivi.

Jumapili, 12 Septemba

Kabera ndiye kapita. Watu nimewaambia Adelaïde ameenda kumsaidia mama yake kupanda maharage. Nyumba kimya, jiko baridi. Nimefikiri sana. Nilisema mnara hautaanguka. Umeanguka? Haukuanguka! Nilipomkumbusha Padri, akaenda zake kumshukuru Kabera. Sasa nasikia kule Sake mfanyabiashara mmoja anajenga nyumba ya ghorofa. Maskini, hana mtu wa kumweleza habari za upepo. Kesho naondoka alfajiri na matete yangu. Kashuga nitakwenda baadaye, nikiwa kapita.