Wimbo wa Kinshasa, Kama Ulivyo

Jumatatu, 5 Juni 1978
Naftaly, kiongozi wa bendi yetu, ameamua. Mimi na Mahmud tutaimba wimbo uleule Jumamosi, hapa ukumbini Makongeni. Atakayependwa ndiye mwimbaji wa bendi. Mwingine atabeba spika. Mimi, Irungu, nibebe spika! Miaka sita maikrofoni ni yangu.

Wimbo ni wa Kinshasa, unatamba kila baa. Mahmud anadai wimbo wa kuiga lazima uutie chumvi ya nyumbani kwako. Upuuzi! Wimbo wa watu ni kama suti ya kuazima: unairudisha bila kukosa hata kifungo. Mwenyewe akikohoa, nami nikohoe.

Jumatano, 7 Juni
Wiki mbili sasa naisikiliza kanda ya wimbo huo kwenye redio yetu ya kaseti, asubuhi na jioni. Ajabu, kila siku wimbo unazidi kuwa mzito. Hapo ndipo penye utamu, na Mahmud hajapaona! Nimemwita Patrobas, mpiga ngoma wetu, kwa siri. Chapati tatu, akaapa kwenda polepole nitakavyo. Mke wangu Nduta ameuliza kama huyo mwimbaji wa kwenye kanda ni mgonjwa.  Nimekunywa uji wa moto ili sauti iteremke.

Jumamosi, 10 Juni
Nimeimba! Kila pumzi mahali pake. Ubeti wa pili, wachezaji wakasimama. Wa tatu, mama mmoja akauliza marehemu ni nani. Hawajui muziki.

Kisha Mahmud. Kwa Kiswahili! Katia king'ora cha Reli cha hapa mtaani, katia majina ya majirani. Ukumbi mzima ukainuka. Nduta alicheza mpaka kiatu kikakatika. Nduta wangu!
Nimebeba spika. Mahmud akanipigapiga begani: "Pole, mzee. Hiyo yako ni ya matanga." Nilitaka kulia.

Jumapili, 11 Juni
Baada ya kanisa Nduta ametia betri mpya kwenye redio ya kaseti. Wimbo ukatoka mbio, mwimbaji sauti nyembamba kabisa! Nduta amecheka mpaka akakaa sakafuni. Anasema betri zilikuwa zinakufa tangu Mei, zikiiburuta kanda, na mimi sikumwiga mwimbaji, niliiga betri.

Nimewaza mchana kutwa. Kosa nimeliona: mwenye wimbo ana haraka. Nimemwandikia barua huko Kinshasa. Aurekodi upya, taratibu, nilivyoonyesha jana. Akishindwa, aje Makongeni nimfundishe.