Ramani Isiyojua Kukohoa

Kwa Bi Ndinda,
Mkuu wa Waundaji Programu,
Kampuni ya Ramani za Nyayo, Mombasa.

Bibi mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wenzako wote mnaoshinda mbele ya kompyuta. Mimi ni mzee wa miaka sabini na minane, mzaliwa wa Mji wa Kale, niliyeondoka mwaka 1982 kwenda kupanga vitabu katika maktaba moja ya Sheffield, na sijarudi. Dada yangu Shifa amevunjika nyonga. Katika watoto sita tumebaki wawili, naye anataka kuniona. Majuzi alinitumia nyumba yetu kwa simu: alama nyekundu juu ya ramani yenu mpya. Nikamwambia siihitaji. Akacheka. "Ndia umeisahau, Abdu. Fuata simu, nduyangu, usinifedheheshe."

Tangu siku hiyo naichunguza ramani yenu. Nimesoma, kamusi mkononi, kurasa zote mlizowaandikia waundaji programu wenzenu kueleza mambo mapya ya ramani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chombo chenu cha kukadiria mwendo kinasema kutoka Bondeni hadi kwa dada yangu ni dakika kumi na moja kwa miguu. Kwa miguu ya nani? Hamkuhesabu salamu. Njiani kuna mabaraza tisa, kila baraza lina wazee, na kila mzee ana habari za watoto, za afya na za goti lake la kushoto. Muda wa haki ni saa moja na robo, tena kwa mtu anayewahi maziko.

2. Mmeleta kifaa kinachopaka rangi kila mahali mtu anapoweza kufika kwa dakika kumi. Nimekijaribu kwa niaba ya marehemu baba. Kwa salamu zake, dakika kumi zingemkuta bado kizingitini. Rangi yake iishie hapo.

3. Njia mliyoichora inapita kichochoro ambacho wanawake hukitumia kwenda kuazimana chumvi na habari. Mwanamume akipita hapo hukohoa kwanza. Simu yenu haikohoi. Iongezeni kikohozi, kiwe cha mtu mzima, si cha mgonjwa.

4. Setilaiti inapiga picha mapaa ya watu bila hodi. Nimeona nguo za dada yangu zimeanikwa, nami niko Sheffield! Nayo ikohoe.

5. Kwa hiyo naomba ramani yenu ya Mji wa Kale iondolewe mtandaoni, mahali pake iwekwe yangu, niliyoichora kwa kalamu ya risasi kutoka kichwani, mlango kwa mlango. Naiambatisha. Majengo ya baada ya 1982 sikuyaweka, maana yalijengwa bila kunijulisha. Programu yoyote itakayotaka kujua njia ikiulize kichwa changu, ambacho kiko wazi kila siku isipokuwa baada ya chakula cha mchana.

Barua hii nitaileta mwenyewe, mwone nilivyofika bila msaada wenu. Nisalimie wapima mwendo, wachora njia, na yule binti wa sauti ya "geuka kulia", ambaye hanyamazi lakini hatukani mtu.

Mimi, mdai njia wenu,
Abdulhalim

Nyongeza: Bi Ndinda, nilitua jana. Simu niliizima uwanja wa ndege nikafuata ramani yangu. Mlango niliutambua mara moja. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikaletewa kahawa na kaimati. Hawakuniuliza mimi nani, maana mgeni haulizwi kabla hajala. Nami sikuuliza Shifa yuko wapi, nikidhani anavaa. Tulizungumzia afya kwa saa moja u nusu. Hatimaye mwenye nyumba, Bwana Ngumbao, aliniomba radhi, akauliza kwa upole kama nimekuja kumposa binti yake Kadzo kwa ajili ya mjukuu wangu, au, Mungu aepushe, kwa ajili yangu mwenyewe.

Niliwasha simu nikiwa chooni kwake.

Shifa amenikataza kutoka peke yangu, kwa hiyo barua inaletwa na jirani. Ramani yenu iacheni ilivyo. Nyumba yetu nisingeijua: imeongezwa ghorofa, na mlango umehamishiwa upande wa pili. Lakini bibi aliyeketi nje na mkongojo wake nilimjua kabla simu haijasema nimefika.