Kisu Namba Arobaini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata mali! Kwa muuza vitu vya mtumba, yule tunayemwita Kila Kitu, chini ya mabomba na bawaba zenye kutu. Kisu. Kimetengenezwa kwa mkono, mpini wa vipande vya ngozi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, katikati pete moja nyekundu. Cha kijeshi, naapa. Hakina alama wala jina. Kila Kitu hataki fedha, anataka pasi. Nikampa ya mke wangu. Mke wangu ni fundi cherehani na bila pasi kazi yake hailali sawa, lakini yuko kwa dada yake aliyejifungua, harudi mpaka Jumamosi. Kila Kitu ameahidi kwamba nikijuta kabla ya hapo, nimrudishie kisu kama kilivyo, nichukue pasi yangu. Kujuta? Mimi?

Jumanne, 4 Machi

Uchunguzi umeanza. Nimefunga duka langu la fotokopi kwa nusu saa. (Haya, masaa matatu.) Nimekipima kwa rula. Nimekinusa. Nimekilamba: chuma. Nimekitoa fotokopi pande zote mbili, na fotokopi nazo hazina alama. Jirani yangu fundi kufuli akachungulia, akasema ni kisu cha mikate. Kijicho tu. Hajanisamehe tangu nilipofungua kufuli lake bora kwa kijiko, mbele ya wateja.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na jibu. Kisu hakitambuliki kwa sababu hakina alama. Basi kiwekewe! Mchonga mihuri, ambaye pia huandika majina kwenye vikombe vya washindi, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia achonge. Sasa kimeandikwa MALI YA JESHI, herufi nzuri kweli, na chini yake NA. 42. Alisema jeshi halikosi namba, nikampa ya kiatu changu. Nimetembea mtaani kifua mbele.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekipeleka kwa mwalimu mstaafu wa historia, anayekusanya silaha za zamani. Pembeni ya sebule yake ipo cherehani ya umeme ya marehemu mkewe. Mke wangu anaota cherehani kama ile kila siku ya Mungu. Mwalimu akaangalia mpini kwa lenzi, akafurahi. Akanieleza kwamba chuma kimefuliwa kutoka springi ya lori, ngozi ni ya mikanda ya askari, na ile pete nyekundu ni mswaki uliokatwa. Askari walijitengenezea kwa siri, ndiyo maana visu hivi havina alama hata moja, na ndivyo vinavyotambulika. Kisu kama hiki, kikiwa safi, angekibadilisha na cherehani ile papo hapo.

Kisha akakigeuza. Akapuliza. Unga wa chuma ukaruka kutoka kwenye herufi.

"Nani amekiharibu hivi?" akauliza.

Nikasema ni adui. Nikaaga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejuta. Nimekimbia mpaka kwa Kila Kitu, jasho linanitiririka. Akavaa miwani, akasoma maandishi, akanikumbusha kwamba tulisema kama kilivyo. Pasi ya mke wangu imekaa pale juu ya rundo la vitasa, inanitazama. Nimerudi nimesugua herufi kwa msasa mpaka vidole vimeota malengelenge. Zimezidi kung'aa! Fundi kufuli akapita, akaniuliza nimeshakata mikate mingapi. Nimekificha kabatini nyuma ya mablanketi, na sijala.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu amerudi, na si peke yake. Kaja na baba yake, sajini mstaafu, atakaa wiki mbili. Hata mkoba hajautua, anaulizia pasi, maana ana sare ishirini za wanafunzi za kukabidhi Jumatatu. Nikasema iko kwa fundi. Fundi yupi? Nikakohoa. Akaenda kuitafuta mwenyewe kabatini, akatoka na kisu.

Baba mkwe akakipokea. Kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye pete nyekundu, kikatulia hapo. Akatusimulia kwamba waliwahi kutengeneza kisu kama hiki kambini, yeye na rafiki yake, na mswaki ulikuwa wa rafiki. Rafiki akahamishwa, akaondoka nacho, akafia huko alikopelekwa. Miaka thelathini mzee anakitafuta kwenye kila soko analopita. Akakigeuza, akasoma.

"Chetu hakikuwa na maandishi," akasema, akakiweka mezani polepole.

Uso wake ukamshuka. Nilijisikia vibaya sana, kwa dakika nzima, na bado nikanyamaza. Ningeweza kunyamaza mpaka kufa. Lakini mzee akajinyoosha.

"Mwanangu, mali ya jeshi haikai nyumba ya raia. Jumatatu asubuhi twende wote kambini, ukaeleze umekipataje."

Nikavua kiatu. Nikawaonyesha soli. Arobaini na mbili. Nikatapika ukweli wote, na pasi ndani yake.

Baba mkwe akakinyakua kisu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Mke wangu hakucheka.

Jumapili, 9 Machi

Pasi imerudi. Mke wangu ndiye aliyezungumza na Kila Kitu. Amempa viatu vyangu, jozi zote tatu. Nimerudi nyumbani nimevaa kandambili zake, visigino nje. Baba mkwe yuko jikoni anamenya viazi kwa kisu chake na hataki kusaidiwa. Hata mwalimu wa historia akileta cherehani kumi, hakiuzwi. Nyumba imetulia. Nimewaapia wote wawili kwamba sitagusa tena pasi ya mtu.

Ila wakati mke wangu anapatana na Kila Kitu, nimeona pale chini, kwenye vitasa, kikombe cha bati. Kimebonyea ubavuni: risasi hiyo, naapa. Na hakina alama yoyote. Kosa langu lilikuwa namba, nani ataamini arobaini na mbili? Safari hii ni cheo kamili, na mchonga mihuri anafungua duka saa mbili. Kila Kitu anataka mkasi. Mke wangu anayo miwili.