Vazi la Kompyuta ya Injinia

Buswelu nzima haijawahi kuwa na kompyuta iliyovaa vizuri kama ya mume wangu. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu! Mimi nina kitenge kimoja tu cha kutokea. Kompyuta ilikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya waridi na vishada vinavyoning'inia mpaka chini, na kwa ndani fundi cherehani alikitia bitana ya satini. Bitana! Gauni langu la harusi halikuwa na bitana.

Kitambaa hicho alikifuma mama mkwe wangu, kule Kamanga ng'ambo ya maji, kwa miezi mitatu mizima. Kwetu kila kitu cha heshima kinavikwa: makochi, redio, televisheni, hata ndoo ya maji ya kunywa. Sasa kompyuta ndiyo ikae uchi mbele ya wageni? Mume wangu alisema haiwezekani, tena vumbi la Buswelu lingeimaliza.

Mume wangu ni Shigela. Anatunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi Igogo, lakini mtaani anaitwa Injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe baada ya kusoma kozi ya kompyuta. Cheti chake kimo ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, kimetundikwa juu ya picha yetu ya harusi, na mgeni hapewi chai kabla hajakitazama.

Basi Jumamosi moja akaja wifi yangu Teodora, mdogo wake Shigela. Maombi ya chuo cha uuguzi yalikuwa yanafungwa siku hiyo saa kumi jioni. Mwaka wa nyuma yake alichelewa, akakaa nyumbani akichunga ndama na kulia. Safari hii vyeti vyake vyote vilikuwa tayari ndani ya kompyuta ya kaka yake. Kilichobaki ni kujaza fomu na kutuma.

“Kaka,” Teodora akasema, “si nivitie kwenye flashi niende zangu stesheneri kwa Alexander?”

“Stesheneri!” Shigela alishtuka kama ametukaniwa ukoo. “Mdogo wake Injinia apange foleni stesheneri? Watu watanielewaje? Kaa hapo! Dakika tano tu.”

Kompyuta ikawashwa. Mimi nilikuwa kwenye kochi namnyonyesha Kija, mwanetu wa miezi mitano. Teodora akaandika jina lake, la baba, tarehe ya kuzaliwa. Kija alipomaliza titi la kwanza, kioo kikawa cheusi. Puu!

“Virusi,” akasema Shigela, bila hata kupepesa macho.

Akakivua kitambaa kwa adabu, akakikunja mara nne, akakilaza juu ya mto. Akafungua boksi la kompyuta, akapuliza ndani mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Akapuliza tena. Akalifunga, akawasha. Ikawaka!

“Mmeona? Virusi vyote nje!”

Akaivika kitambaa chake, akachomekea kila upande kama anafunika mtoto msimu wa mvua. Teodora akaanza upya: jina, baba, tarehe. Kija akahamia titi la pili. Titi la pili lilipoisha, puu!

“Aha! Umeme mdogo,” akasema daktari wetu wa kompyuta.

Akazima friji. Akazima televisheni. Akachomoa simu yangu iliyokuwa na chaji asilimia tatu. Bado hakuridhika, akatoka nje mbio kwa jirani yetu Otuoma, anayechomelea mageti.

“Otuoma, zima hiyo mashine! Unanimalizia umeme!”

“Ngosha,” akajibu, kama tunavyomwita mwanaume huku kwetu, “nina geti la watu hapa!”

“Humu ndani kuna maisha ya mtu!”

“Na mwizi akija usiku nimwambie nini? Arudi kesho, Injinia anatengeneza?”

Walibishana weee! Kompyuta nayo wakati huo ilikuwa imezimwa, imetulia, inapoa zake. Shigela aliporudi, kashinda, akabonyeza. Ikawaka!

“Unaona, mama Kija? Ulikuwa umeme.”

Jina, baba, tarehe. Teodora alikuwa sasa anaandika huku kafumba macho. “Wifi,” akaninong'oneza, “jina langu nimeshaanza kulichoka.” Tukacheka kidogo. Saa nane ilikuwa imepita.

Nikanyoosha mkono, nikagusa kitambaa. Mama yangu! Lile boksi lilikuwa limechemka, utadhani kuna maharage ndani.

“Baba Kija, mbona lina moto hivi?”

“Kitu kinachofanya kazi lazima kichemke. Wewe ukisonga ugali hutoki jasho?”

Jasho natoka. Lakini ugali sisongi nikiwa nimejifunika blanketi. Nilitaka kumwambia hivyo, nikatazama kile cheti cha dhahabu ukutani, nikarudi kumfuta Kija mdomo. Mimi nimeishia darasa la saba.

Puu!

Sasa ikawa zamu ya kifutio. Shigela alichomoa kidude chembamba ndani ya boksi, akasema ndicho kinachotunza kumbukumbu na kimechafuka, akaanza kukisugua kwa kifutio cha penseli. Alisugua kama anasugua masizi ya sufuria la msibani. Nusu saa nzima!

Kija naye akaanza kulia. Nilimpa titi, akakataa. Nilimbembeleza, akazidi. Alikuwa amevaa sweta alilofumiwa na bibi yake, kwa sababu bibi alikuwa anavuka kuja kwetu kesho yake na nilitaka amkute amezoea kulivaa. Nikamvua. Mtoto akanyamaza papo hapo, akanitazama kama anayesema, siku nzima nilikuwa nakwambia nini?

Nikamtazama Kija. Nikaitazama kompyuta.

Ikawaka tena. Mara hii Teodora alifika mbali, akaanza kupandisha vyeti. Shigela kwa furaha akamwita Otuoma dirishani.

“Njoo uone kazi ya msomi! Kifutio tu!” Na huku anaita, mkono wake unachukua kitambaa, unaivika kompyuta, unachomekea.

Cheti cha kwanza kikapanda. Cha pili kikapanda. Otuoma ndiyo kwanza anavua ndala mlangoni. Cha tatu kikafika nusu. Puu!

Saa kumi kasoro dakika ishirini na tano. Teodora alikaa tu, machozi yanamdondokea kwenye kibodi.

Hapo ndipo niliponyanyuka. Nilikivuta kile kitambaa, nikamfunga nacho Kija kiunoni.

“Jamani, Kija amekikojolea! Bibi yake kesho akikiona hivi itakuwaje? Nakipeleka kufua.” Nikamwambia Teodora: “Wifi, chukua ungo upepee hilo boksi, mkojo umelirukia, likauke.”

Wifi yangu hana maswali mengi. Alipepea kama anawasha moto kwa kuni mbichi! Baada ya dakika kumi akaiwasha. Jina, baba, tarehe. Cheti cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya mlango na kitambaa changu, hapiti mtu.

Saa kumi kasoro dakika mbili ukaja ujumbe kwamba maombi yamepokelewa. Teodora alipiga kigelegele mpaka Kija akaruka.

“Mnaona sasa?” akasema Shigela, kifua mbele. “Kifutio kinafanya kazi polepole.”

Otuoma akanyoosha mkono, akakishika kitambaa. Akakigeuza huku na huku. Akakinusa.

“Shemeji,” akaniuliza, “mwanenu anakojoa mkojo mkavu?”

Nikamhamishia Kija bega la pili. Akaenda akaweka kiganja juu ya boksi, ubaridi. Akamgeukia mume wangu taratibu.

“Ngosha, mashine yangu nikiifunika gunia inazima hivyo hivyo. Mimi nimesimamishwa kazi, geti la watu limelala, kumbe umeivalisha sweta?”

Nilidhani Shigela atakuwa mkali. Alibaki anakitazama kifutio mkononi, kimekwisha, kimebaki kama punje ya mahindi.

Kesho yake mama mkwe akafika. Kompyuta ilikuwa uchi wa mnyama, lakini kitambaa nilikuwa nimeshakitafutia pa kukaa, ukutani, juu ya kitu kisichochemka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kitambaa changu mmekitundika vizuri. Kimefunika nini?”

“Cheti cha mwanao cha kompyuta, mama.”

Akainua vishada kidogo, akasogeza uso, akasoma.

“Kozi ya wiki mbili?” akasema. “Kitambaa nimekifuma miezi mitatu!”

Akakishusha tena, akachomekea vizuri kila upande, akaomba chai.