Nilivyomponya Mukhisa Wangu

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Siku ishirini na tatu tangu niolewe! Mume wangu Mukhisa ni mzuri hata akipiga chafya.

Lakini anateseka. Kazini kwake, mkanda wa mashine ya kusaga unga ulikatika ukapita karibu na sikio lake. Hakuguswa hata unywele. Ila mwili wake bado hauamini. Mashine ikiwashwa anakauka kama mti, pumzi inakwama. Jana nilifunika sufuria tu, akaingia chini ya meza. Nikamfuata. Tulikaa huko tumeshikana mikono. Palikuwa pazuri, lakini si maisha.

Bwana Inderjit, mwenye mashine, amesema kwa upole kwamba atamngoja mpaka Jumatatu ijayo. Baada ya hapo kazi ni ya Kiplangat. Kiplangat, anayepiga miluzi akisaga mahindi ya watu! Nasi tutaondoka Kitale tukalale jikoni kwa mama yake Mukhisa, pamoja na kuku. Mapenzi kama yetu na kuku!

Jumanne, 2 Agosti

Tumaini! Mama Dayawanti, nesi mstaafu wa mtaa wetu, hufundisha mazoezi ya mwili kwa watu waliopatwa na mshtuko. Alimwambia Mukhisa akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili mpaka aisikie. Avute pumzi, aitoe polepole. Avume kama nyuki. Asukume ukuta kwa viganja. Miguu ikianza kutetemeka aiache, mwili unaitoa hofu.

Kisha atazame chumbani ataje vitu vitano anavyoviona. Mpenzi wangu alitaja macho yangu, shingo yangu, gauni langu, mikono yangu na tabasamu langu. Mama Dayawanti akamwomba ajaribu pia kutaja kiti.

Akaagiza mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, na asishtuliwe.

Mara mbili! Hiyo ni kwa wasiopendwa. Nilimfanyisha mara kumi na moja. Ya mwisho alilala katikati ya kuvuma, akaendelea kuvuma kwa kukoroma.

Alhamisi, 4 Agosti

Nilitaka kujua kama amepona. Nikaangusha sinia nyuma yake.

Hajapona.

Alikuwa juu ya kitanda na gambuti zake kabla sinia halijatulia. Sukuma wiki ukutani. Mama Dayawanti alisikia kishindo akaja. Akauliza ni nani aliyenidanganya kwamba sinia ni dawa, na kama nikivunjika mguu ningependa nipigwe rungu ili ijulikane kama umeunga. Nililia. Mukhisa akanibembeleza huku yeye mwenyewe anatetemeka. Wanaume kama huyu hawazaliwi tena!

Ijumaa, 5 Agosti

Leo Mama Dayawanti alimpeleka mpaka langoni kwa Bwana Inderjit, mashine ikinguruma. Alikanyaga chini, akatoa pumzi, akarudi akitembea. Hakukimbia! Mama Dayawanti amefurahi, eti wiki ijayo watafika mlangoni.

Wiki ijayo! Na Jumatatu je?

Nimewaza. Kinachokosekana ni mvumo wenye nguvu. Na Bungoma nzima hakuna avumaye kama mama yangu, sauti ya pili ya kwaya kule Bumula. Akivuma, madirisha ya kanisa yanajibu. Nimempigia simu kupitia duka la jirani yake. Anakuja kesho.

Najua, najua. Kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, sembuse kukaa chumba kimoja. Nasi tuna chumba kimoja. Lakini nina leso mbili na kamba. Mama atavuma upande wa kitanda, Mukhisa upande wa jiko. Nitamwambia ni mama wa kanisani mwenye haya.

Jumamosi, 6 Agosti

Walivuma vizuri ajabu kwa dakika nne. Mukhisa alifumba macho. Akanong'ona kwamba huyu mama wa kanisani amebarikiwa.

Kisha kamba ikakatika.

Mama alikuwa amevua viatu na kitambaa cha kichwa, ameinua mikono yote. Wakatazamana. Mama akapiga ukemi, “Uuuwi! Nakhungu mwanangu, umeniua!” akajifunika blanketi letu. Mukhisa alipitia dirishani.

Nilimkuta kwa Bwana Inderjit. Ndani! Alikuwa amejibanza nyuma ya magunia, na Kiplangat, asiyejua lolote, akaiwasha mashine. Mukhisa akageuka mlangoni. Mlangoni amesimama mama yangu, aliyenifuata ili anigombeze, bado na blanketi. Mbele mama mkwe, nyuma mashine.

Nilimwona akitafuta sakafu kwa nyayo. Akaegemeza viganja ukutani, akasukuma. Akatoa pumzi ndefu. Magoti yakatetemeka, akayaacha yatetemeke. Nami nikajikuta natoa pumzi naye. Muda mrefu. Kisha mabega yake yakashuka, akageuza kichwa, akasikiliza ile mashine.

Akamwambia Kiplangat, “Bana, mkanda wako umelegea. Zima nikaze.”

Nililia mbele ya wateja wote. Mama pia, ndani ya blanketi.

Jumatatu, 8 Agosti

Ameanza kazi! Mama Dayawanti alikaa naye saa ya kwanza. Kiplangat anapakia magunia, na miluzi yake siku hizi naiona tamu.

Mama Dayawanti anasema ni nyayo na pumzi za kila siku zilizomwokoa, na kwamba angeendelea vizuri zaidi bila mimi. Mukhisa ameniomba, akinishika mashavu, nisimsaidie mtu tena. Nimeapa.

Jumanne, 9 Agosti

Sellah wa nyumba ya tatu ana huzuni. Mumewe aliumwa na mbwa, sasa hathubutu kutoka nje. Amefikiria kumpeleka kwa Mama Dayawanti. Nimemwambia asijisumbue, aniachie mimi. Kuna mzee kando ya barabara ya Suam ana mbwa sita. Nimeazima wanne.